Ndiyo ya Ikombe

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku ile zilinifikia kabla ya chai. Nilikuwa msimamizi wa takwimu kwenye utafiti wa majaribio ya kufikiri kimantiki, ofisi yetu chumba kimoja cha kupanga Bondeni, mjini Kyela. Nilikuwa napitia majibu ya Ikombe, kijiji cha kando ya ziwa kinachofikiwa kwa mtumbwi, nikaona kuna kitu hakikai sawa. Akina mama wafinyanzi wa kule walikuwa wamepatia maswali magumu, halafu wote, bila kubaki hata mmoja, wakakosa swali la nne, jepesi kuliko yote.

Swali lenyewe hili: chungu chenye ufa hakishiki maji, chungu hiki kina ufa, je, hakitashika maji? Mwongozo ulitaka “hapana”. Watu wa Bondeni walijibu hapana. Wa Ikombe, ndiyo tupu.

Majibu ya Ikombe yaliletwa na mdodosaji wetu mpya, binti wa wakulima wa kakao, mpole, maneno yake ya kuhesabu. Nikajiambia huyu hakupanda mtumbwi. Amekaa zake Matema akajaza mwenyewe. Nikamwita.

“Hukwenda Ikombe?”

“Hapana,” akasema, ananitazama usoni.

Sikumpa nafasi ya neno la pili. Nilimpigia mkuu wetu palepale nikamwambia binti amekiri. Akaniagiza niende mwenyewe nirudie nyumba chache, nikimaliza tuzungumze, aandike barua ya kumwachisha kazi. Na mtu akishaandikwa kwamba amepika takwimu, hakuna mradi utakaomgusa tena. Binti akasema anakuja na mimi. Nikamwambia shauri yako.

Kwenye mtumbwi kutoka Matema alikaa mbele, macho yake Ikombe. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, au kuombwa msamaha, na kukosa vyote viwili kuliniudhi zaidi.

Nyumba ya kwanza mama alikuwa anafinyanga, udongo umempanda hadi kwenye viwiko. Alipomwona binti akacheka.

“Umerudi, mwanangu? Na huyu ndiye anayekutuma na maswali yako?”

Lakini mimi nami mbishi. Nikajipa moyo kwamba labda alifika nyumba hii moja tu. Nikasoma swali la nne.

“Ndiyo,” akajibu mama.

“Ndiyo nini, mama?”

“Ndiyo, hakitashika. Kitashikaje na ufa? Huko kwenu hamna vyungu?”

Nyumba ya pili vilevile. Ya tatu vilevile, na kote walimkaribisha binti kama mtu waliyemwona juzi tu. Nilikuwa nawaambia hakitashika, nao wananikubalia: ndiyo, ni kama unavyosema. Na aliyeandika swali lile kwa Kiswahili ni mimi, kwa haraka, nikifuata Kiingereza neno kwa neno, na “no” ya jibu lake nikaigeuza “hapana”. Niliona aibu hadi masikio yakawa ya moto.

Tuliporudi Matema, mtandao ukashika. Nikampigia mdodosaji wa Bondeni, ambaye majibu yake nilikuwa nayasifia kwa unyoofu wake. Mtu akikujibu “ndiyo, hakitashika”, unajaza nini?

“Najaza hapana, dada. Si ndilo jibu lenyewe?”

Kumbe aliyerekebisha ni huyo niliyekuwa namsifu. Binti aliandika alichosikia, basi.

Alikuwa amekaa kwenye mchanga anakamua maji kwenye pindo la kitenge chake. Nikamfuata.

“Sasa mbona asubuhi ulikiri?”

“Sikukiri, dada. Uliniuliza, hukwenda Ikombe? Nikasema hapana.” Akakamua tena pindo. “Nilikuwa nakukatalia.”

Nilijaribu kumwomba radhi, maneno yakanigongana mdomoni, na simu ikaanza kuita mkononi mwangu. Alikuwa mkuu. Nikaipokea mbele ya binti, maana sikuona haki ya kujificha.

“Eeh, umeshahakiki?” akauliza. “Kwa hiyo binti hakwenda?”

Binti aliacha kukamua kitenge. Mimi nilikuwa nimeshaanza, “Hapa—”, nikajiuma ulimi.

“Alikwenda,” nikasema. “Nyumba zote nilizopita. Asiyejua kuuliza ni mimi.”