Kiganja Nyuma ya Taa

Fundi umeme wa pale Mhunze hana haraka na boneti. Kwanza hufuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa, hata vikiwa safi, huku akikuuliza gari liligoma lini na ulikuwa umevaa viatu gani. Maswali hayo yalimkera Asteria. Mama yake alikuwa kiti cha nyuma akihema kwa shida, daktari anawasubiri Shinyanga saa nne, na gari lenyewe, haibridi aliyoinunua kwa mtu, huwaka siku tatu, ya nne likakataa. Mbele ya fundi liliwaka mara tano mfululizo, kama mtoto mtundu aliyemwona mwalimu.

Fundi akazunguka nyuma, akachuchumaa, akakinga kiganja kwenye taa ya breki ili jua lisimdanganye. "Kanyaga, mama. Achia. Kanyaga," alimwambia Asteria aliyekuwa kwenye usukani. Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayembembeleza ng'ombe akimkamua. Kiganja kikawa chekundu, kikawa chekundu tena. Mara ya tisa hakikubadilika rangi. Asteria akabonyeza kitufe cha kuwashia, gari kimya.

"Swichi ya breki," fundi alisema. "Gari halijui kama umekanyaga, ndiyo maana haliwaki." Akayatazama malori ya mawe yaliyokuwa yakipita. "Na ukiwa barabarani, aliye nyuma yako naye hajui."

Asteria aliikumbuka honi ya juzi, iliyomlilia mgongoni hadi akamtukana dereva.

"Liwashe tu, nitakwenda taratibu."

Fundi aliuchukua ufunguo wa rimoti uliokuwa juu ya dashibodi, akautia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akamwinamia mama mgonjwa na kumwamkia kwa neno la Kisukuma la mama.

"Shikamoo, mayu. Shuka, twende na gari langu."