Kaseti Moja ya Kwenda Sengerema na Kurudi

Enzi zetu betri za redio zilianikwa juani. Wa rika langu mnaosoma haya mmeshaanza kucheka, maana mnakumbuka. Nyumba yetu ilikuwa Igogo, imeegemea jiwe kubwa kama nyumba nyingi za kule mlimani, na jiwe hilo ndilo lilikuwa uwanja wetu wa michezo na mahali pa kuanika dagaa, sare za shule na betri. Unazipanga betri kwenye jua la saa saba, unakaa kando kuzilinda, kwa sababu watoto wa jirani wakizipata watazipasua watoe ule unga mweusi wa kupaka ubao wa darasani. Jioni ukizirudisha, redio inaongea tena, hafifu, kama mgonjwa aliyepata uji. Mweleze kijana wa leo jambo hili uone anavyokutazama kwa huruma. Yeye anatembea na chaja begani na betri ya akiba mfukoni, na bado jua likizama anauliza nyumba nzima, "Nani ana chaji?"

Baba yangu alikuwa fundi seremala, na kitu pekee cha fahari alichowahi kujinunulia ni redio kaseti. Mama aliifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, ikakaa kwenye kabati la vyombo kama mgeni wa heshima. Kuigusa ilikuwa kazi ya Baba peke yake. Sisi watoto tulikuwa watatu, mimi na wadogo zangu mapacha Kulwa na Doto, na tulichoruhusiwa ni kuzungusha kaseti kwa kalamu ili betri zisiishe kwa kurudisha mkanda nyuma. Kile chombo kilikuwa na kitufe chekundu. Ukikibonyeza pamoja na jirani yake, kila kilichosemwa pale chumbani kinabaki ndani. Siku ya kwanza tuliposikilizishwa sauti zetu, kila mmoja aliapa kwamba ile si yake, na Kulwa alilia akidhani redio inamwigiza kwa kumdharau. Mpaka leo sijaona ajabu iliyonishika kama ile.

Bibi, mama yake Baba, aliishi ng'ambo ya ghuba, kijijini ndani ndani huko Sengerema. Hakujua kusoma. Barua ukimwandikia lazima asomewe na mtu, na Bibi hakupenda mambo ya nyumba yake yapitie midomo ya watu. Baba ndipo akapata akili ya kaseti. Mdogo wake, baba mdogo Masanja, alikaa karibu na Bibi na alikuwa na redio yake, tena alivuka kila mara kuleta mihogo mikavu sokoni. Basi tukawa tunaongea ndani ya kaseti, Baba anaifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe, baba mdogo anaitia mfuko wa shati na kupanda nayo kivuko. Kule Bibi anasikiliza, akimaliza anajibu juu ya maneno yetu wenyewe, kaseti inarudi. Tukisha kumsikiliza, na sisi tunajibu juu ya maneno yake. Kaseti ilikuwa moja tu, na hakuna aliyeona ubaya wa jambo hilo.

Safari ya kwanza ilirudi na malalamiko. Bibi alikuwa na sauti nene iliyokwaruza kidogo, na alitusema kwa Kisukuma bila hata kuanza na habari za mihogo. "Watoto wako wa mjini wana adabu gani?" alimwuliza Baba. "Wananiamkia, mimi naitikia, wao wameshaendelea na habari za shule. Hata hawasubiri kuitikiwa!" Baba mdogo alitusimulia kwamba kila tuliposema shikamoo Bibi alijibu marahaba, akanyamaza kungoja tumwulize hali, akashangaa tunamkata. Na Baba naye hakupona. Tulirekodi jioni, akamsalimia mama yake mwadila, salamu ya jioni. Bibi akaisikiliza asubuhi wakati wa kufungua kuku, akauliza kama mjini jua linatokea upande mwingine.

Kuanzia hapo Baba alitufundisha. Ukisema shikamoo, unanyamaza. Yeye mwenyewe aliinua kidole kututuliza, akitazama dirishani kama anayemsikia mama yake akiitikia kwa raha zake, na akishusha kidole ndipo unauliza, "Hujambo Bibi? Kuku hawajambo?" Unanyamaza tena. Mtu angeingia wakati huo angetukuta familia nzima tumeikalia redio kimya, kwa heshima zote. Nilikuja kusoma vitabu vingi na kukaa kwenye vikao vya watu wakubwa, lakini sijapata somo la kuzungumza na mtu lililozidi lile la kidole cha Baba.

Lakini kaseti ile ilikuwa na kazi nzito kuliko salamu. Bibi alikuwa anapofuka. Baba mdogo alituambia kwamba anapapasa ukuta kwenda jikoni na kwamba siku hizi anajua ng'ombe kwa kengele. Ulikuwa mtoto wa jicho, ugonjwa unaotibika, na hospitali kubwa ya hapa mjini walikuwa wanausafisha. Baba alishavuka kwenda kumchukua, akarudi peke yake. Bibi alikuwa amesikia mahali kwamba madaktari wanalitoa jicho, wanaliosha kwenye beseni, halafu wanalirudisha. "Na wakilirudisha kinyume?" alimwuliza Baba. Baba alijaribu kucheka, lakini usiku wa siku ile aliyorudi hakula. Aliogopa kwamba mama yake atapofuka kabisa na kwamba atakufa bila kutuona, maana mimi aliniona mara ya mwisho nikiwa nanyonya, na mapacha hakuwahi kuwaona hata kidogo.

Siku ya kurekodi kaseti ya kumwomba aje, Baba alioga kwanza na kuvaa shati la kanisani. Alituonya tusitaje neno jicho. Aliongea yeye kwa muda mrefu, akambembeleza, akamwambia kuku atawatunza Masanja, akamwambia hata daktari anaogopa kumkosea mama wa watu. Mama akaongeza yake. Mapacha wakasalimia pamoja, wakagombana ni nani kaanza. Zamu yangu ilipofika nilikuwa darasa la tatu, nilishazoea kusimulia nilichofundishwa shuleni, lakini siku hiyo kichwa kilikuwa kitupu. Nikasema shikamoo, nikanyamaza, kidole kikashuka, na kitu pekee kilichonijia ni jambo ambalo kila mgeni aliyefika kwetu kutoka ng'ambo alikuwa akilisema. Nikasema, "Bibi, wanasema nimefanana na wewe." Baba alibonyeza kuzima, akanitazama. Nilidhani nimeharibu.

Baba mdogo alichelewa kurudi, mvua zilikuwa zimeshika. Alipofika, Baba aliiweka kaseti bila hata kumkaribisha maji, na hilo kwetu lilikuwa jambo zito. Bibi alisalimia wote kwa zamu, akatuachia nafasi ya kuitikia kama tulivyomwachia yeye. Akasema habari za mvua. Akasema Masanja hawezi kutunza kuku hata mmoja. Halafu akakohoa na kusema, "Huyo mtoto anayesema amefanana na mimi, nitakuja nimwone mwenyewe kama ni kweli. Mwambieni daktari anawe mikono." Mama alipiga kigelegele. Baba aliingia chumbani akajifungia, na alipotoka macho yalikuwa mekundu. Ile sehemu tuliirudia mpaka betri zikalegea na sauti ya Bibi ikawa ya mzee wa kiume aliyelewa.

Akaja. Alishuka kwenye kivuko ameshika mkono wa Masanja, na kapu la mayai hakutaka alibebe mtu mwingine. Jicho la kwanza walilisafisha wiki ile ile. Siku ya kufunguliwa bandeji tulipangwa kando ya kitanda tumepakwa mafuta mpaka tunang'aa. Muuguzi alimwambia afungue jicho taratibu. Bibi alitutazama mmoja mmoja, akapepesa, machozi yakamtoka, na nikaona wasiwasi usoni mwake kwa sababu hakutujua. Akasema, "Semeni kwanza." Tukamwamkia wote kwa pamoja, na pale pale akaanza kuelekeza kidole, huyu fulani, huyu fulani, hata mapacha hakuwachanganya. Mimi aliniita karibu, akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku kama anayekagua kitenge dukani. "Wamekudanganya," akasema. "Wewe ni mzuri." Wodi nzima ilicheka, na mimi nilitembea Igogo wiki nzima nikiwa na kidevu juu.

Bibi hakurudi kukaa ng'ambo. Alibaki kwetu mpaka mwisho wake, miaka mizuri ya kuona na kusema kila alichokiona. Na kwa kuwa alikuwa nasi, kaseti ya salamu haikuwa na safari tena. Mama akarekodia kwaya kutoka redioni, baadaye Kulwa akarekodia mpira wa uwanja wa Kirumba aliotangaza yeye mwenyewe kutoka juu ya jiwe, na mwisho redio ikaula mkanda. Hakuna wa kulaumiwa. Ndivyo kaseti zilivyotumika, na nani angedhani sauti ya mtu aliyekaa pale jikoni akitugombeza kila siku ni kitu cha kuhifadhiwa? Picha za Bibi ninazo. Sauti yake haipo tena mahali popote.

Kwa hiyo wenzangu wanaokaa vibarazani kuzitukana simu, mimi nawapita. Ninazipenda, nasema wazi. Mama yangu sasa ndiye amehamia Sengerema, kwenye shamba la Baba aliyetangulia, na asubuhi kabla sijapiga mswaki nimeshamwona uso, nimeona na mahindi yake, nimeona na mwanamke aliyepita nyuma yake akipunga mkono. Nikimtamani zaidi, kuna daraja, navuka bila kungoja honi ya kivuko. Akiwa na jambo refu ananitumia ujumbe wa sauti, anauanza na salamu zote za ukoo, na simu inautunza bila kufuta wa jana. Baba angeishika simu hii angemwomba Mama aifumie kitambaa.

Kinachonishinda ni vijana. Binti yangu Neema, aliye chuoni, nilimkuta anasikiliza ujumbe wa bibi yake ameuharakisha, mama yangu anaongea mbio kama aliyeona nyoka. Nikamwuliza anakimbilia wapi. "Mama, Bibi ana maneno mengi," akanijibu. Maneno mengi! Sisi tulikaa kimya mbele ya redio tukimsubiri mtu aliye ng'ambo ya maji aitikie, na wao waliopewa sauti ya mtu mzima mkononi, safi, isiyohitaji kuanikwa juani, wanaikimbiza ili wawahi kutazama paka wa watu wakicheza. Tulikuwa na chombo duni na subira nyingi. Wao wana chombo cha maajabu, na nikiwaangalia natamani ningewapa kidogo ya ile subira, kisha wao wanirudishie miaka ile na simu moja tu ndani yake, hata yenye kioo kilichopasuka.

Nilimweleza Neema haya yote Jumapili iliyopita tukichambua mchele uani. Hakunikatiza, na kwa binti yangu hilo si jambo dogo. Nilipofika kwa Bibi na daktari wa kunawa mikono, akaniuliza, "Alikuwa anaongeaje, mama? Hebu mwigize." Maneno ninayo kwa moyo, na kikohozi chake nilikijua. Nikaweka ungo chini, nikakaa wima, nikainenepesha sauti nikaikwaruza, nikasema yote kuanzia mvua mpaka kuku. Hakuna neno lililopotea, lakini aliyeongea nilikuwa mimi. Nikajaribu tena, nikawa mimi zaidi. Ndipo nilipoona kwamba Neema alikuwa ameisimamisha simu kwenye sufuria, inarekodi.

"Futa," nikamwambia. "Hakuwa hivyo. Huyo siye."

Aliichukua simu, akaifuta unga wa mchele kwa kanga yake, akaitia mfukoni.

"Sifuti, mama," akasema. "Huyu ni wewe."