Ukuta wa Mama

Mama yangu alikuwa mchoyo wa kitu kimoja tu: picha. Sukari angekugawia, hata leso yake ya Jumapili angekuazima, lakini gazeti lenye picha likiingia kwetu halikutoka tena. Miaka ile baada ya vita tuliishi kando ya mji wa Kitui, katika nyumba ya udongo ambayo kanisa lilimpa baba kwa kuwa alikuwa mwinjilisti. Mama alipeleka mayai jikoni kwa wamisheni, akarudi na magazeti yao makuukuu. Kalenda za duka la Mhindi alizifuata mwaka ulipoisha, wakati hakuna mwingine aliyezitaka.

Hakubandika ovyo. Picha za rangi tu ndizo alizowagawia majirani, kwa maana alisema rangi zina kelele. Yeye alitaka nyeusi na nyeupe: mlima wenye theluji, meli katika ukungu, mzee asiyejulikana aliyeegemea mlango. Alipaka ukuta udongo mweupe, akapika uji mzito wa unga uwe gundi, kisha akasimama mbali na picha mkononi, akiitafutia mahali ambapo mwanga wa dirisha ungeifikia. Wageni waliokuja kuombewa waliupa ukuta macho na baba mgongo. Baba hakupenda hata kidogo. Alisema nyumba ya mwinjilisti si soko. Mama alimjibu kwamba Mungu mwenyewe ameumba machweo, na hayaliwi.

Picha moja tu ilikuwa ya mtu wetu. Dada yangu mkubwa alipigwa picha na Mwislamu mmoja mpole aliyekuwa na chumba cha picha mjini. Dada alikuwa amepewa jina la nyanya yetu, mama yake baba, na kwa desturi yetu Wakamba baba hakumwita kama mtoto. Alimwita Mwaitu, yaani mama yangu. Alimwamkia kwa heshima kila asubuhi, na dada, pengo mdomoni, alimtuma maji ya kunywa naye akaenda. Mwaka uliofuata dada alikufa kwa homa. Baba alitaka picha ile ikae ndani ya Biblia. Mama akaibandika katikati ya ukuta, akasema picha iliyofungiwa haimfai mtu.

Kisha kanisa likamhamisha baba upande wa Makueni, karibu na mji wa Wote. Siku lori lilipokuja, mama alianza kuzibandua picha zake kwa kitambaa chenye maji. Zilitoka vipandevipande. Alipojaribu pembe ya picha ya dada, karatasi ilichanika na udongo ukabaki nayo. Uji aliokuwa akiusifu ulikuwa umeshika kuliko alivyotaka. Mama akaketi chini akalia, nami nikalia, kwa sababu hatukuwa na picha nyingine na sura ya dada ilikuwa imeanza kunitoka.

Nilingoja baba aseme kwamba alimwonya. Alitoka, akarudi na panga. Nyumba haikuwa yetu. Mwinjilisti mwingine angeingia jioni hiyo hiyo, na baba alikuwa mtu wa kurudisha hata msumari wa kanisa. Akaukata ukuta. Alikata polepole kuizunguka picha, pamoja na fito za ndani, mpaka bonge zima la udongo likamjia mikononi na tukaona nje. Dereva akapiga honi. Baba akakanda udongo mwingine, akaliziba tundu na kulilainisha kwa kiganja.

"Hizo zingine tuwaachie wanaokuja," alimwambia mama. "Huyu twende na yeye."

Njia nzima alilipakata bonge lile ndani ya blanketi, akiyapokea mashimo ya barabara kwa magoti. Lilimomonyoka pembeni, na koti lake la pekee la kuhubiria likawa jekundu kwa vumbi. Mama alikuwa akimpangusa, kisha akaacha.

Nyumba mpya ilikuwa na kuta tupu. Baba alichagua mwenyewe ukuta unaotazama mlango, akauchimba, akalipachika bonge kwa udongo mbichi. Mama alimwambia asogeze kidogo kushoto, penye mwanga. Baba, ambaye hakuwahi kumsikiliza kwa habari za picha, alibomoa na kuanza upya.

Alipomaliza alinawa mikono, akarudi, akavua kofia mbele ya ukuta.

"Mwaitu," akasema, "tumefika."