Wenye Hasira Waliolinda Mpunga wa Bibi

Juzi basi letu liliposimama pale Bungu nilimwona muuza korosho amevaa fulana ya mtumba yenye jina la bendi ya roki ya ng'ambo niliyoipenda tangu utotoni. Nikamuuliza kama anawajua. Akainamia kifua chake, akasema, "Kwani hii si kampuni ya matrekta, dada?" Nilicheka hadi abiria wenzangu wakanigeukia. Lakini wewe ngoja nikueleze, maana wapo wanaosema bendi ile inasifiwa bure, eti ni magitaa ya kukwaruza na wanaume wazima kupiga mayowe. Hao hawajawahi kulinda mpunga.

Nikiwa mtoto nilikaa msimu mmoja na bibi yangu bondeni Rufiji, tukiishi kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambacho watu huhamia msimu wa kulinda mashamba. Mafuriko yalikuwa yamebeba mpunga wa kwanza; huu tuliopanda tena ndio ulikuwa chakula chetu cha mwaka mzima. Ndege nao wakauona. Tulipiga madebe, tukarusha udongo kwa kombeo, wakazoea. Bibi, msemaji yule, akaanza kunyamaza hata wakati wa kula, nami nikajua ameogopa.

Mjomba alipotuletea samaki kutoka Mbwera alituachia redio yake ya kaseti na kanda moja, ya bendi ile. Nilipoiwasha, bibi alishika kichwa. "Mashetani gani haya umetufungulia?" Kumbe ndege wote walikuwa wamesharuka. Uzuri wa bendi ile ni kwamba haizoeleki. Wanaanza polepole, gitaa moja linalia kama mfiwa, unajisahau, halafu ngoma zinakushukia zote kwa pamoja. Ndege walitua kwenye ule utulivu, wakajuta. Tangu siku hiyo, kila asubuhi akikoroga uji, bibi alisema, "Haya, waweke wenye hasira."

Betri zilipochoka tulizianika juani, zikaamka kidogo, kisha zikafa kabisa mpunga ukikaribia kuvunwa. Nililia. Bibi akachukua debe, akazipiga ngoma zile zote. Pale pa kunyamaza akanyamaza, akawaacha ndege watue, ndipo akawashukia. Mimi nililiimba gitaa kwa mdomo hadi koo likakauka. Wimbo ambao bibi kizee anaweza kuupiga kwenye debe la mafuta, na bado ukatisha, umetungwa na watu wanaojua kazi yao.

Siku hizi madungu yamebaki machache. Kanda iliota ukungu, na bibi tulimzika Umwe. Wanamuziki wale wana mvi sasa, lakini bado wanajaza viwanja, na wajuzi wanabishana kwa nini hawajasahaulika. Mimi sibishani na mtu. Siku tulipopika wali wa mpunga mpya, bibi aliinua mikono kabla hatujala, akawaombea wale wenye hasira umri mrefu. Kila nikiwaona wako jukwaani, naitikia amina.