Zamu Niliyojipa

Siku yangu ya kwanza kazini, kiongozi wa bendi alinipokea mlangoni mwa kilabu kimoja cha mtaa wa Södermalm, huku kwa Waswidi, akicheka. "Karibu, mwimbaji! Gitaa liache hapo kwenye makoti." Nikamjibu gitaa si koti, litapanda jukwaani na mimi. Nilikuwa nimelibeba mgongoni tangu nyumbani Hallunda, na nilianza kulipiga kwenye kwaya ya kanisani Bujumbura kabla yeye hajajua muziki wa bluzi ni kitu gani.

Nyinyi vijana mnaopiga peke yenu chumbani na kompyuta, sikieni kazi ilivyokuwa. Bluzi huenda mizani kumi na mbili, kila mizani mapigo manne, kisha inarudi mwanzo. Kila mzunguko kiongozi humtikisia kichwa mpigaji mmoja, naye hupiga solo, yaani anaachiwa uwanja aseme yake. Usipotikisiwa, unabaki kusindikiza wenzako. Mwaka ukaisha, na wa pili ukaisha, kichwa cha yule bwana kikigeukia kila upande isipokuwa kwangu. "Una sauti nzuri," alikuwa akiniambia. "Wewe imba tu." Iliniuma, sifichi.

Kisha tukaalikwa Fittja. Akina mama wa kwetu, Warundi, Wakongomani na Watanzania, walijaa viti vya mbele na vitenge vyao, na binti yangu katikati yao. Baada ya wimbo wa pili akaniita kwa Kiswidi, kama kawaida yake: "Mamma, när spelar du?" Mama, utapiga lini? Ukumbi mzima ulisikia. Nikajua nikishuka pale bila solo, mtoto huyu ataamini maisha yake yote kwamba gitaa la mama yake ni pambo.

Wimbo uliofuata, kiongozi akamtikisia kichwa mpiga kinanda. Nikasogea mbele, nikaingia mimi. Mpiga kinanda akainua mikono juu, akacheka. Vigelegele! Basi nikapiga na mzunguko wa pili.

"Nani kakupa zamu?" kiongozi aliniuliza nyuma ya jukwaa, uso umemwiva.

"Nimejipa. Nimechoka kungoja shingo yako."

Akanifukuza palepale. Na anifukuze! Nikaunda bendi yangu, tukapiga miaka mpaka viungo vya vidole vikavimba, daktari akasema basi. Sasa nimestaafu, na watu huniuliza kama najuta. Nijute nini?

Siku ya kuaga, kule Fisksätra, niliimba tu. Gitaa langu alilishika binti yangu. Mzunguko wa solo ulipofika akanitazama, akingoja nimtikisie kichwa. Nikamgeuzia mgongo. Mizani ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, roho yangu juu juu. Kisha nikalisikia gitaa langu likiingia kwa nguvu, bila ruhusa ya mtu.