Boriti za Ukumbi Mkubwa

Mtaani walimwita Bwana Magofu, na yeye hakuchukia. Ujana wake wote uliishia kwenye jumba la kale lililokuwa juu ya kilima, akiwatembeza wageni, aking'oa magugu kwenye nyufa, akifukuza popo pamoja na wapenzi waliotaka kuchora majina yao ukutani. Fahari yake ilikuwa dari la ukumbi mkubwa: boriti nyeusi zilizochongwa ndege, na hakuna ndege wawili waliofanana.

"Ungenitazama mimi kama unavyozitazama hizo mbao," mkewe alikuwa akimtania, "ningenenepa kwa raha."

Vita vilipofika, wageni wakakata mguu. Wakaja watu wengine, wamejitwika magodoro. Bwana Magofu aliwafungulia lango mwenyewe. Miongoni mwao alikuwamo shemeji yake, mdogo wa mkewe, na watoto wake; nyumba yao ng'ambo ya mto ilikuwa imeteketea. Chumba kimoja cha Bwana Magofu kisingewatosha, basi wakatandika ukumbini na wenzao.

Kisha mvua za baridi zikaanza. Kuni hakuna: njia za msituni zilitegwa mabomu, na waliothubutu kwenda walirudi wamebebwa, kama walirudi. Asubuhi moja Bwana Magofu akasikia shoka. Alikimbia hadi ukumbini, akakuta boriti ya pembeni imeshushwa na shemeji yake anaipasua.

"Shemeji! Hao ndege walichongwa kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa!"

"Mwanangu anatetemeka, shemeji. Wewe zungumza na ndege wako, mimi niache na mwanangu."

Bwana Magofu akamgusa mtoto. Alikuwa wa moto kama jiko, na meno yanagongana. Akarudi nyumbani, akasimama mbele ya kitanda cha mbao.

"Unataka kitanda changu," mkewe akasema.

"Boriti zikiendelea kushushwa, paa litawaangukia wote."

"Usinizungushe. Sema ukweli."

"Zinaniuma, mama. Zinaniuma kweli."

Mkewe akacheka, kicheko kisichofika machoni. "Haya, hapo umesema. Kipasue. Yule ni mdogo wangu, na mtoto wake ni mwanangu."

Kilitangulia kitanda, likafuata kabati, vikafuata viti, mwisho mlango wa chumba chao wenyewe, wakabaki na pazia la gunia. Majirani walisema Bwana Magofu amerukwa na akili. Lakini kila alipopanda kilima na mzigo wa vipande vya samani begani, watu wa ukumbini waliinamisha vichwa, na hakuna aliyegusa dari tena. Haikuwa kwa kuwapenda ndege, waliona haya.

Mtoto akapona. Mkewe Bwana Magofu, aliyekuwa akilala sakafuni kwenye saruji yenye unyevu, akaanza kukohoa. Zahanati ilikuwa imefungwa na muuguzi alikwishakimbia. Bwana Magofu alimchemshia maji, akamfunika kwa makoti yao yote, akakesha akimsugua mgongo. Mvua zilipokatika, mkewe naye alikuwa ameshazikwa.

Makaburini shemeji yake alimwambia mbele za watu, "Umelinda mbao, umemuua dada yangu."

Jibu lilimjaa mdomoni: moto wa kitanda kile aliuota nani? Akalimeza. Alijua shemeji naye analijua, na ndiyo maana alipiga kelele vile.

Bunduki ziliponyamaza, walikuja wataalamu na kamera zao. Walipiga picha dari, wakapeana mikono, wakaita muujiza. Mmoja wao akauliza boriti zilinusurikaje ilhali watu walikuwa wakifa kwa baridi.

"Waliolala humu hawakuzichoma," Bwana Magofu akajibu. Hakuinua macho juu. Tangu msiba alikuwa akifagia ukumbi ule akitazama sakafu tu.

Shemeji yake, aliyekuwa kizingitini akichambua maharagwe, alisikia. Mikono yake ikasimama, kisha ikaendelea.

Jioni akaja na sahani, mara ya kwanza tangu mazishi. Hakuiweka na kuondoka. Alikaa chini, mgongo ukutani, akamsubiri ale.

"Chumvi imezidi?" akauliza.

"Kidogo."

"Dada ndiye aliyejua kupima," akasema. Bwana Magofu akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula.