Karamu ya Kutajwa Mara Mia

Likasi ukisema wewe ni mkemia, watu hukuuliza uko idara gani kule Shituru, kwenye kiwanda cha shaba. Symphorien alichoshwa na swali hilo tangu ujana. Yeye shaba hakuiyeyusha. Aliichukua kidogo tu, akaiunganisha na kemikali aliyoipika mwenyewe, akawapelekea wenzake wa ng'ambo waijaribu kwenye seli za saratani. Seli zikafa. Akaandika makala, jarida likaichapa, na tangu siku hiyo kazi yake kubwa ikawa kuchungulia simu.

Alichungulia hesabu. Kila mtafiti akiitaja makala hiyo katika maandishi yake, namba fulani mtandaoni hupanda kwa moja, na Symphorien aliifuatilia kama mama anayepima homa ya mtoto. Jinsi ilivyopanda alijua mwenyewe. Theluthi nzima alikuwa amejitaja yeye. Wanafunzi wake walimtaja kwa sababu ndiye aliyewasahihishia. Na mtaalamu mmoja wa mbali alimtaja ili kusema kwamba amerudia jaribio lile na hakupata matokeo yale. Hiyo nayo ilihesabiwa, na Symphorien akamshukuru kimoyomoyo.

Ilipofika mia, akatangaza karamu. Mkewe Martine alimkazia macho, akamwita kwa jina la mtoto wao.

"Papa Shekina, mia ya nini?"

Hata hivyo alisonga bukari, ugali wa huku, akakaanga samaki. Majirani wa mtaa wa Kikula wakajaa uani, na kwa kuwa huku mtu aliyefaulu mtihani humwagiwa poda, wakammwagia poda. Profesa mzima, mwenye mvi na miwani, akacheza akiwa mweupe hadi nyusi kama kijana aliyepata diploma juzi. Alifurahi mno, wala hakuona haya hata kidogo.

Hapo ndipo jirani yake Zaina, muuza vitenge, alipomvuta kando.

"Prof, ile safari ya Lubumbashi minye niliiacha."

"Safari gani, dada?"

Zaina akagusa kifua chake juu ya mtandio. "Iko kintu huku mu ziwa. Docteur alisema niende mbio ku hôpital ya Lubumbashi. Lakini weye uko natengeneza dawa ya cancer, minye nikangoyea. Na leo beko nakumwangia poda. Njo kusema dawa inapita mutihani."

 Symphorien angeweza kumnong'oneza aende hospitali, yakaisha. Lakini alimjua Zaina: angedhani profesa anajishusha tu kwa adabu, angerudi nyumbani kungoja. Akazima muziki, akapanda juu ya kreti ya bia.

"Dawa yangu haiyaponesha muntu," akasema kwa sauti. "Hata moya. Hata panya. Iliua cellules mu chupa, na mu chupa hata javel ya kufulia manguo meupe inauaka cellules."

"Na ile mia?" Zaina akauliza.

"Ile mia ni bantu benye kuandika jina yangu. Bengine ni minye mwenyewe."

Mtu mmoja akaangua kicheko, kisha uani kote. Symphorien naye akacheka, machozi yakichora mistari kwenye poda. Alijua Kikula itamwita Papa Javel, na kweli ndivyo inavyomwita hadi leo. Zaina peke yake hakucheka.

Kesho yake wakapanda basi pamoja kwenda Lubumbashi, profesa akiwa mbeba mkoba. Daktari, kijana mwenye uso wa uchovu, alimpima Zaina kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa hasira asiyoificha, kwa nini mama huyu aliambiwa aje kabla ya mvua kuanza na anafika leo mvua zimekwisha.

Zaina akainama, akawa anatafutatafuta kitu mkobani. Alikuwa akimsitiri jirani yake.

"Alikuwa ananingoyea minye," Symphorien akasema.